Kiangazi Baba Alipolala Mchana

Enzi zetu, na hapa nasema na wenzangu wenye mvi ambao walibeba kibao cha kuandikia kwapani, likizo haikuwa kitu cha kupangiwa na mzazi. Mwalimu alituambia shule imefungwa, tukaimba wimbo wa kuagana, na kabla vumbi la uwanjani halijatulia tulikuwa tumeshafika nyumbani, tumevua sare na kuitundika msumarini. Kuanzia hapo siku zote zilikuwa zetu. Neno "nimeboreka" nimelisikia uzeeni, kwa wajukuu zangu. Sisi hatukuwa nalo. Na hata tungekuwa nalo, mtoto aliyethubutu kumwambia mama yake kwamba hana la kufanya alipewa ufagio papo hapo, na ua ulikuwa mpana.

Tulikaa Tabora, mtaa wa Chemchem, wakati wa Mwingereza. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi na bati juu, pembeni ya ile barabara kongwe yenye miembe pande zote mbili, ambako wazee walisema misafara ya pembe za ndovu ilipita kwenda na kurudi pwani. Sisi tuliijua kama barabara nzuri ya kusukumia ringi. Ringi ya baiskeli na kijiti, basi, mtoto anakwenda mpaka sokoni na kurudi akiamini anaendesha lori, na honi anaipiga kwa mdomo njia nzima. Wavulana walikuwa na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani. Wasichana tulicheza rede mpaka magauni yakachanika makwapani, tukacheza mdako kwa kokoto, tukabeba mgongoni watoto wetu wa magunzi ya mahindi, kila mmoja na jina lake na ugonjwa wake. Jioni ilikuwa kombolela, mtaa mzima, mpaka mama mmoja aanze kuita na wa pili aitikie, na wewe unajua kabisa ni jina lako linaloitwa lakini unajificha kidogo zaidi.

Na vyakula vya kiangazi, jamani. Mavuno yamekwisha kuingia ndani, karanga ziko kwenye magunia, viazi vitamu vimekatwa vipande na kuanikwa juu ya majabali mpaka vikawa michembe mikavu inayolia mdomoni kama kuni. Michembe ukiipika na karanga za kutwanga, ukala ya moto asubuhi ya baridi ya Tabora, hukumbuki njaa mpaka jua limeinama. Asali ilitoka porini na masega yake, tukatafuna nta mpaka taya zikauma. Leo mjukuu wangu ananunuliwa kitu cha kutafuna kwenye karatasi inayong'aa na anakitema kabla hakijalainika.

Basi, hakuna hata mchezo mmoja katika hiyo ulionunuliwa dukani. Na hakuna hata mmoja uliowezekana bila kelele. Ndiyo maana nataka nisimulie kiangazi kimoja ambacho kelele zilipigwa marufuku nyumbani kwetu.

Baba alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kushika zile nyenzo za kugeuzia njia pale nje ya stesheni, ili treni ya Mwanza ishike njia ya Mwanza na ya Kigoma ishike ya Kigoma. Miaka yote alikuwa akifanya kazi mchana. Kiangazi hicho, wiki ileile shule zilipofungwa, akahamishiwa zamu ya usiku. Alirudi alfajiri amejifunga koti, akanywa uji, akajitupa kitandani. Na sisi ndiyo kwanza tunaamka.

Watoto tulikuwa wanne. Mimi ndiye mkubwa, Nyamizi, nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya mbele. Wakanifuata mapacha, Kulwa na Doto, wavulana waliozaliwa wakigombana na hawakuona sababu ya kuacha. Wa mwisho alikuwa Shija, kama ilivyo desturi yetu kumwita mtoto anayefuata mapacha, na huyo alikuwa bado mgongoni kwa mama. Asubuhi ya kwanza ya likizo Kulwa alirusha jiwe juu ya bati kumwonyesha Doto jinsi linavyobingirika likishuka. Doto akarusha lake. Baba akatoka nje macho mekundu, akasimama mlangoni. Alituangalia tu, akarudi ndani. Siku ya pili ilikuwa ringi na honi. Siku ya tatu sikumbuki ilikuwa nini, lakini nakumbuka baba alikwenda kazini jioni ile akiyumba.

Alfajiri yake msimamizi wa zamu alimkuta ameegemea nguzo anasinzia. Nilimsikia baba akimweleza mama jikoni, kwa sauti ya chini, nikiwa najifanya nimelala.

"Amesema mara hii amenisamehe," baba alisema. "Akinikuta tena, nirudi kijijini nikalime."

"Kulima si aibu," mama akajibu.

"Si aibu. Lakini mama Nyamizi, hilo silo linalonitisha. Reli haina mchezo. Nikisinzia mimi, abiria watalala jumla."

Nilisikia mama akikoroga uji, akiukoroga mpaka nikajua anawaza, kwa sababu uji ulikuwa umeshaiva zamani.

Mama yangu hakuwahi kukaa darasani zaidi ya masomo ya ubatizo pale kanisani kwa Wamoraviani, na senti ya kuchezea hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni watoto wenye makelele, nyumba ya bati, na mume anayepaswa kulala mchana kweupe. Wa kwanza kuondoka alikuwa jogoo. Aliwika saa nne asubuhi, saa sita akawa mchuzi. Tukala kimya, na hata Doto akaelewa kwamba mwaka huu mambo si ya mzaha.

Kisha mama alitushika mikono, akatuvusha barabara mpaka kwa Bi Mwanahawa. Huyu alikuwa mjane aliyeanza kuingia uzeeni, mwenyeji wa mji wa miaka mingi, msukaji wa mikeka, na ua wake ulikuwa mkubwa wenye kivuli. Lakini sifa iliyomvutia mama ilikuwa nyingine. Masikio ya Bi Mwanahawa yalikuwa yamechoka. Ngoma alisikia, radi alisikia, mazungumzo ya kawaida hayakumfikia.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," mama alisema, karibu kabisa na sikio lake. "Naomba watoto wangu washinde kwako."

"Marahaba. Mashindano ya nini?"

"Si mashindano. Washinde. Wakae mchana. Baba yao analala."

"Anaumwa?"

"Anafanya kazi usiku."

"Haya, walete," alisema Bi Mwanahawa kwa sauti iliyofika sokoni. "Mimi hawanisumbui. Hata wakilia, kwangu ni kama wanapiga miayo."

Ndivyo tulivyopata shule ya likizo. Asubuhi tulivuka barabara, tukachambua ukindu wa mikeka, mweupe huku, uliotiwa rangi kule. Mapacha walipewa kazi ya kuloweka, na kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya maji na matope, hawakujua kama ni kazi. Mimi nilifundishwa kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Wa kwanza ulikuwa umepinda kama mkia wa mbuzi, Bi Mwanahawa akaufumua wote bila huruma, akanirudishia. Alitusimulia hadithi kwa sauti kuu, na sisi tukapiga kelele zetu zote pale, tukazimaliza, ili turudi nyumbani tukiwa hatuna tena.

Maana mchana tulirudi kula, na hapo ndipo mama alipotunga mchezo wa mabubu. Sheria ilikuwa moja: atakayetoa sauti wa kwanza ndiye ataosha sufuria yenye ukoko. Tukabuni lugha ya mikono. Kupapasa tumbo maana yake niongezee ugali. Kuvuta sikio maana yake Kulwa amenifinya. Kugusa pua ilikuwa ya Doto peke yake na hakutuambia maana yake mpaka leo. Tulikula tukicheka kimyakimya mpaka machozi yakatutoka, mabega yanatikisika, na nyuma ya ukuta baba anakoroma. Mkoromo ule ulikuwa wetu. Ukiendelea, tumeshinda.

Alasiri mama alituongoza msafara. Ndivyo alivyouita, na sisi tuliamini. Yeye mbele na Shija mgongoni, mimi nyuma yake na kata kichwani, mapacha mwisho kama wapagazi, kila mmoja na kamba yake. Tulifuata barabara kongwe mpaka nje ya mji, porini, tukaokota kuni, tukachuma matunda ya furu yaliyobaki mitini. Njiani mama alitupa kazi ya kutafuta shanga. Nadhani wenzangu wa Tabora mnazikumbuka, zile shanga ndogo za kioo, nyekundu na buluu, zilizodondoka kwa watu wa misafara zamani na bado zilikuwa zikijitokeza kwenye mifereji upepo ukipuliza vumbi. Mtoto anayetafuta shanga anaangalia chini, na mtoto anayeangalia chini hapigi kelele. Tuliporudi, kuni za kupikia zilikuwepo, mapacha wameshachoka, na baba ameamka mwenyewe, ananawa uso na kutuuliza tumeona nini.

Siku zikaenda hivyo. Baba akanawiri. Nikaanza kufikiri tumemaliza.

Ndipo mwenzake wa zamu ya mchana akaugua, baba akafanya kazi usiku wake, mchana wa mwenzake na usiku tena bila kupumzika katikati. Alirudi asubuhi ile hata uji hakuumaliza. Akamwambia mama, "Leo mkubwa wa reli anapita kukagua. Usiku wa leo lazima niwe macho." Akalala na viatu. Mama akamvua taratibu, na hata hajamaliza, Shija akaanza kutapika. Mwili ulikuwa moto kama jiko.

Mama akamfunga mgongoni, akachukua mwavuli. Mlangoni aliniinamia.

"Nyamizi, nampeleka mdogo wako hospitali. Nyumba nakuachia wewe. Wapeleke mapacha kwa Bi Mwanahawa. Baba yako asiamshwe."

"Na nani?" niliuliza.

"Na mtu yeyote," alisema, akaondoka.

Nikawapeleka mapacha. Tukachambua ukindu. Jua likapanda, adhana ya adhuhuri ikapita, mambo yakiwa shwari. Halafu Kulwa akainua kichwa kama mbwa aliyesikia jina lake.

"Ngoma," alisema.

Nami nikaisikia. Kwanza mbali, upande wa sokoni, kama moyo. Kisha karibu zaidi, na vigelegele juu yake, na njuga. Bi Mwanahawa akaacha kusuka, akaweka kiganja sikioni, akatabasamu. "Harusi," alisema. "Inakuja huku."

Si mnajua kiangazi cha Unyamwezini. Mavuno yakiingia ndani, watu wanaoana. Harusi inapita mtaa kwa mtaa ili kila mtu ajue, na ngoma zake hazikutengenezwa kwa ajili ya watu wanaolala. Nilitoka nje ya ua. Kwenye kona ya barabara vumbi lilikuwa limesimama kama ukuta, na ndani yake nikaona mzee mnene, kifua wazi, ngoma kubwa imening'inia shingoni, nyuma yake wapiga ngoma wengine na wachezaji wenye njuga miguuni, na nyuma yao wanawake wa khanga sare waliojaza barabara nzima. Nyumba yetu ilikuwa katikati yangu na wao.

Nataka mwelewe kwamba mimi nilikuwa mtoto wa haya. Mgeni akija nyumbani nilijificha nyuma ya mlango. Kanisani niliimba kwa kutingisha midomo tu. Lakini nilikumbuka abiria watakaolala jumla, na miguu ikaanza kukimbia kabla sijaiambia. Niliipita nyumba yetu, nikasimama katikati ya barabara mbele ya yule mzee, nikapiga goti.

Hakuwa na la kufanya ila kusimama. Waliokuwa nyuma yake wakamgonga, na waliokuwa nyuma yao nao vilevile, mpaka ngoma zikakatika moja baada ya moja.

"Shikamoo, babu," nilisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unataka kucheza?"

"Hapana, babu. Baba yangu amelala."

Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye sauti ya kuongoza, ambaye baadaye nilijua ni shangazi yake bibi harusi, akajipenyeza mbele. "Mwanangu, saa hizi mtu analala? Kamwamshe, mwambie aje ale pilau."

"Akiamka sasa, shangazi, usiku atasinzia relini."

"Relini?"

"Ndiye anayegeuza njia. Treni ya Mwanza iende Mwanza, ya Kigoma iende Kigoma. Na jana na juzi hakulala."

Kicheko kikapungua. Yule mzee wa ngoma akageuka kumtazama shangazi, na shangazi akawatazama wanawake wenzake. Nilidhani nimekosea kitu. Kumbe watu wale, bibi harusi wao wakiwa wamemwacha nyumbani anapambwa, walikuwa wampandishe treni usiku uleule, wamsindikize Urambo kwa mumewe, na Urambo iko njia ya Kigoma.

"Huyu baba yake," alisema mzee polepole, "ndiye atakayetugeuzia njia sisi usiku."

"Ndiyo, babu."

"Na akikosea?"

"Mtakwenda Mwanza," nilisema, kwa kuwa ndivyo nilivyojua.

Shangazi akajishika kiuno. "Sikumlea yule msichana kwa shida zote zile nije kumkabidhi Mwanza kwa mume tusiyemjua," alisema. Akageukia umati. "Jamani, nani ana njuga? Zivueni. Mwacheni mtu wa watu alale."

Nimeona mengi katika maisha yangu. Nimeona bendera ya Mwingereza ikishushwa na yetu ikipanda. Lakini sijaona tena kitu kama harusi ile ilivyopita mbele ya nyumba yetu. Wachezaji walivua njuga, wakazishika kifuani kama vifaranga. Wapiga ngoma wakaweka viganja juu ya ngozi. Wanawake wakaziba midomo kwa pembe za khanga. Na kwa kuwa harusi haiwezi kupita bila kuchezwa, wakacheza. Walicheza bila sauti, barabara nzima, mabega yakipanda na kushuka, nyayo zikigusa vumbi kama watu wanaokanyaga mayai. Mzee mnene alicheza kuliko wote, ngoma shingoni, jasho linamtiririka, uso wake umekunjwa kwa uzito wa kazi ya kunyamaza. Kulwa na Doto wakatoka uani na kujiunga mwisho wa mstari, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe walijua kabisa la kufanya. Walikuwa wamefanya mazoezi likizo nzima.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kichwa cha msafara kilikuwa kimeshalipita dirisha la baba. Ndipo Bi Mwanahawa akatoka uani kwake kuiangalia harusi.

Alisimama mlangoni. Akaona ngoma, asiisikie. Akaona watu wanacheza, asisikie njuga. Akaona wanawake wamejaa barabara, na hakuna hata kigelegele kimoja. Akaweka viganja vyote viwili masikioni, akaviondoa, akaviweka tena. Kisha akalia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Kigwa, nje kabisa ya mji.

"Ya Rabi, masikio yangu ndiyo yameisha kabisa."

Harusi nzima ikaganda, mguu mmoja juu. Shangazi akamkimbilia, akamkumbatia, akamnong'oneza sikioni, jambo ambalo halikusaidia lolote. Mimi nilikimbia dirishani kwetu. Nikajivuta juu kwa ncha za vidole, nikachungulia.

Baba alikuwa amegeuka ubavu. Mkono mmoja ulikuwa umeinuka hewani, kama mtu anayetaka kuuliza swali. Ukabaki hapo. Nikahisi haja ndogo inataka kunitoka. Kisha mkono ukashuka taratibu juu ya mto, na mkoromo ukaanza upya, mzito, wa mtu aliye mbali sana na sisi.

Niligeuka, nikawaonyesha kwa mikono kwamba analala. Harusi ikashusha miguu. Walipofika kona ya mbali, penye miembe ya mwisho, ndipo yule mzee alipoinua mikono yote miwili na kuiangusha juu ya ngoma, na Bi Mwanahawa, mlangoni kwake, akasema Alhamdulillahi.

Mama alirudi jua likiwa limepoa. Shija alikuwa amepewa dawa na amelala mgongoni, homa imeshuka. Habari zilimfikia mama tangu sokoni, kila mtu na namna yake ya kuzisimulia. Alinikuta nimekaa kizingitini nikilinda. Alikaa kando yangu, akaniegemeza begani kwake, tukalinda wote wawili.

Baba alipoamka, kulikuwa na sinia la pilau mezani, limefunikwa kwa kawa.

"Limetoka wapi hili?" aliuliza.

"Kwa watu wa harusi iliyopita hapa mchana," mama alisema.

"Harusi ilipita hapa? Mbona sikusikia ngoma?"

"Haikupigwa."

Baba akamtazama, akaona hapati zaidi ya hapo, akala. Akavaa koti lake, akaenda kazini akiwa amenyooka.

Alfajiri alirudi akiwa na maneno mengi kuliko kawaida yake. Mkubwa wa reli alipita, akauliza mawili matatu, akaridhika. Lakini si hilo alilotaka kusema. Alisema treni ya Kigoma ilipotoka, yeye amesimama na taa yake pembeni ya njia, madirisha ya behewa zima yalifunguka, wanawake wakatoa vichwa na kumpigia vigelegele. Treni ikipita polepole, vigelegele haviishi. Na mzee mmoja mnene alimvulia kofia.

"Nimefanya kazi reli miaka yote hii," baba alisema, "hakuna mtu aliyewahi kunipigia kigelegele. Sijui wamenifananisha na nani."

Hapo ndipo mama alipomweleza yote. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kikombe cha uji mkononi. Kisha aliniita, akanitazama kama mtu anayenipima kimo. "Ulipiga goti katikati ya barabara?"

"Ndiyo, baba."

"Wewe, unayejificha nyuma ya mlango."

Akaniwekea kiganja kichwani, kile kiganja kigumu cha mtu wa vyuma, akakiacha pale. Jumapili, siku yake ya mapumziko, tulipotoka kanisani alichukua debe tupu, akakaa nalo uani, akaanza kulipiga kwa mikono yote miwili. Mapacha wakamkimbilia kumnyamazisha, wakivuta masikio yao na kupapasa matumbo, wameshasahau kwamba debe lipo ili lipigwe. Baba alicheka mpaka kicheko kikamwangusha chini.

Sasa nakaa kwa binti yangu, mjini hapohapo, nyumba nzuri ya vigae. Shule zikikaribia kufungwa, yeye na mumewe wanaanza kuhangaika. Watoto watafanya nini? Kuna kambi ya kuogelea, kuna mwalimu wa kompyuta, kuna safari ya kuangalia wanyama, na kila kimoja kina ada yake. Ninawaambia nipeni debe na ukindu. Wananicheka, nami nacheka nao, maana najua hawa ni watoto wema, wana akili kuliko sisi, na mdogo wao anaweza kunionyesha kwenye simu yake Tabora nzima ilivyo ukiitazama kutoka angani. Anaijua barabara yetu kutoka juu. Hajawahi kuitembea kwa miguu mpaka mwisho wake.

Juzi mchana, likizo ikiwa imeanza, nilitoka chumbani baada ya usingizi wangu. Wajukuu wote walikuwa sebuleni, kila mmoja na simu yake, vidude masikioni, vidole vinacheza peke yavyo. Nikasimama mlangoni muda mrefu. Hakuna aliyeinua macho. Sisi tulinyamaza kiangazi kizima kwa sababu mtu tuliyempenda alikuwa amelala. Hawa walikuwa wamenyamaza kuliko sisi, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyekuwa amelala.